Rilizi Ndiyo Inayobeba Chemko

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mwezi wa mfungo, bendi haipandi jukwaani. Tunakutana Kinondoni kwa mazoezi tu, kwa hiyo huu ndio wakati wa kulimaliza suala la besi kabla ya Idd. Muziki ukiwa umetulia, waimbaji wakisimulia, kila noti yangu inasikika. Tukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu, noti za uzi wa E zinavuma mpaka zinawafunika waimbaji, na zile za uzi wa G zinamezwa na solo na rithimu. Fundi mitambo akipandisha besi, E inazidi. Akishusha, G haipo kabisa. Wanaocheza wanaifuata besi na tumba. Noti zikipungua, na uchezaji unapungua.

Leo nimerekodi besi moja kwa moja kwenye kompyuta, bila spika wala ukumbi. Najua kila ukumbi una noti unazozikuza wenyewe, na dawa ya hizo ni ikwalaiza na mahali pa kuweka spika. Lakini hata kwenye rekodi hii kavu, tofauti kati ya noti kubwa na noti ndogo inapita desibeli 10. Hapo ukumbi hauhusiki. Hapo ndipo kompresa ina kazi.

Alhamisi, 13 Machi

Kabla ya kutoa pesa naandika hapa jinsi kompresa inavyofanya kazi, nisije nikanunua sifa.

Inapima nguvu ya sauti inayoingia. Noti isiyofika kwenye kizingiti inapita ilivyo, inayovuka inapunguzwa. Kiasi cha kupunguzwa kinategemea uwiano. Kwa 4:1, noti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 12 inatoka ikiwa imevuka kwa 3 tu, 9 zimekatwa. Uwiano ukifika 10:1 na kuendelea, wengi huita limita. Vilele vikishakatwa, unainua sauti yote kwa pamoja, na noti ndogo zinapanda nayo. Hiyo ndiyo siri ya noti ndogo kusikika: kubwa zimeshushwa kwanza, nafasi ikapatikana.

Halafu kuna muda. Ataki ni muda kompresa inaochukua kukaza baada ya noti kuvuka kizingiti. Rilizi ni muda inaochukua kulegea noti ikishashuka. Wapiga besi wengi wanabishana kuhusu ataki. Mimi nikipiga hesabu ya chemko, naona rilizi ndiyo ya kuchungwa zaidi, maana ina mpaka pande zote mbili.

Mpaka wa chini unatoka kwenye uzi wenyewe. E wazi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, yaani wimbi moja huchukua milisekunde 24 hivi. Rilizi ikiwa fupi kuliko hapo, kompresa inalegea na kukaza ndani ya wimbi lilelile, na sauti inakwaruza. Mpaka wa juu unatoka kwenye mwendo. Chemko la mapigo 120 kwa dakika lina milisekunde 500 kati ya pigo na pigo. Noti za robo pigo zinapishana kwa 125. Rilizi ikiwa nusu sekunde, E moja nzito inaiacha kompresa imekaza, na noti ndogo zinazoifuata zinabanwa pamoja nayo. Hapo kompresa imeongeza ugonjwa uleule iliyoletwa kuutibu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeshinda Sinza kwa rafiki anayepiga besi ya injili. Ana pedali kadhaa za kompresa na amenifungulia zote. Kanuni yetu ilikuwa moja: kila pedali isawazishwe, ikiwashwa na ikizimwa sauti iwe kubwa kiasi kilekile. Sikio hupenda chochote kilichoongezwa sauti, hata kama hakijaboreshwa.

MXR Dyna Comp, ya tangu miaka ya 1970, ina vitufe viwili tu: sauti inayotoka na kiasi cha kubana. Inapendeza kwenye gitaa la solo lenye noti ndefu. Aguilar TLC imetengenezwa kwa ajili ya besi, nayo ina kizingiti, uwiano, ataki na sauti. Noti za chini zinatoka pana na safi. Kwa nyimbo za taratibu ningeichukua bila kufikiri. Ila zote mbili hazina kitufe cha rilizi, na mimi hicho ndicho nilichokifuata.

MXR M87 ina ingizo, tokeo, ataki, rilizi na uwiano, pamoja na safu ya taa zinazoonyesha kiasi kinachokatwa. Inafuata nyayo za mtambo wa studio wa 1176, ulioundwa na Bill Putnam Marekani katika miaka ya 1960. Uwiano wake ni ule ule: 4:1, 8:1, 12:1 na 20:1. Haina kitufe cha kizingiti. Ukiongeza ingizo, noti nyingi zaidi zinavuka.

Tulizungumza sana kuhusu LA-2A, mtambo mwingine mkongwe wa studio unaotumia mwanga kupunguza sauti. Nusu ya kulegea kwake hufanyika ndani ya milisekunde 60 hivi, na nusu iliyobaki huchukua kati ya nusu sekunde na sekunde 5. Ndiyo maana sauti ya mwimbaji inakaa vizuri ndani yake. Chemko halina subira hiyo.

Rafiki alisema, "Kaka, kama umeshaamua, chukua hiyo M87, mimi nina nyingine." Tumeelewana bei.

Jumanne, 25 Machi

Nimeipanga tukiwa bendi nzima, si nyumbani. Ukiwa peke yako, besi iliyobanwa sana inaonekana tamu na nene. Magitaa na drams vikiingia, unene huo unazama.

Mpangilio: uwiano 4:1. Ataki nimeiweka kwenye mwendo wake wa polepole kabisa, ili mgongano wa kidole na uzi usipotee. Ingizo nimeliongeza hadi taa zinaonyesha desibeli 3 mpaka 6 kwenye noti nzito, na zinazimika kwenye noti za kawaida. Rilizi nimeitafuta kwa macho na masikio pamoja: nilipiga E kwa nguvu kisha nikapanda uzi wa G, nikifupisha mpaka taa zinazimika kabla ya noti inayofuata. Mzee wa tumba hakuambiwa lolote, lakini alisema leo anaisikia besi ikijibu.

Kompresa naitanguliza kabla ya ikwalaiza, ili nikiongeza besi kwenye ikwalaiza isibadilishe mahali inapoanza kukaza. Adapta ni jambo la kuangaliwa: pedali hii inataka volti 9 zenye hasi katikati. Adapta ya kwanza niliyojaribu ilileta mvumo. Ukiinua sauti kwa desibeli 6, mvumo nao unapanda 6, na unasikika zaidi bendi inaponyamaza. Nimebadilisha adapta, kimya kimerudi.

Jumatatu, 31 Machi, Idd Mosi

Ukumbi umejaa. Kabla ya kuanza nilimwomba fundi mitambo aondoe kompresa ya besi kwenye mikisa yake, maana mbili zikikaza kwa pamoja noti zinakosa pumzi. Alikubali, akaacha limita ya kulinda spika peke yake. Katika chemko la wimbo wa tatu nilipanda uzi wa G na watu wa mbele waligeuka nao. Fundi hakugusa kitufe cha besi mpaka mwisho wa onyesho.

Jumatano, 2 Aprili

Nahitimisha, kwa faida yangu na ya kijana atakayerithi nafasi yangu kwenye bendi hii. Kwa besi ya dansi, nunua kompresa yenye kitufe cha rilizi na kipimo cha kuonyesha kinachokatwa. Jina la pedali lije baadaye. Pima mwendo wa chemko lenu kwanza, kisha iweke rilizi iishe kabla ya noti inayofuata, bila kushuka chini ya wimbi la E. Kata kidogo. Sawazisha sauti ikiwashwa na ikizimwa. Ukibadilisha gitaa, hasa ukitoka la kawaida kwenda lenye betri, panga ingizo upya, kwa sababu nguvu inayoingia imebadilika. Na kila mpangilio uufanye mbele ya bendi nzima, chemko likiwa limekolea.