Mkate Usio na Chumvi

Likizo ndefu ya mwaka jana nilitumwa katika parokia moja ya milimani, Nyanda za Juu Kusini. Nilitegemea kupangiwa vijana: kambi, kwaya, mpira. Badala yake Paroko alinionyesha chumba kilicho jirani na cha padre mmoja mzee, Mwitaliano, akaniambia, "Frateri, kazi yako kubwa ni kukaa na Babu. Siku hizi hali vizuri."

Nakiri kwamba nilinung'unika. Niliona miezi yangu miwili imekwisha kabla haijaanza. Babu, kama waumini wote wanavyomwita, ana zaidi ya miaka 80 na alikuja Tanzania akiwa padre kijana. Mezani alikuwa akila vijiko viwili vya wali, kisha anasukuma sahani. Mimi nilimaliza changu huku nikichungulia simu chini ya meza. Mama mpishi alikuwa amejaribu kila alichokijua, kuanzia uji wa ulezi hadi supu ya kuku wa kienyeji. Daktari alikwisha kusema hakuna ugonjwa mpya, ale tu.

Juma la pili, kwa kutaka tu kuvunja ukimya, nikamwuliza, "Babu, hivi kule kwenu mlikuwa mnakula nini?"

Akaweka kijiko chini. Akanitazama hadi nikadhani nimekosa adabu.

"Miaka yote hii watu wameniuliza kama nakula ugali," alisema. "Kwetu tunakula nini, sikumbuki mtu kuniuliza."

Nilikuwa nimekaa naye siku kumi. Sikuwa na la kujibu.

Basi akaanza kusimulia, na chai ikapoa. Kwao ni kijijini, mkoa wa Toscana, upande wa Siena. Mama yake alioka mkate mara moja kwa juma, kwenye tanuri la kuni. Siku ya kwanza waliula ulivyo. Ulipoanza kukakamaa, waliukata vipande na kuvichoma juu ya makaa. Uliobaki baada ya hapo uliingia kwenye supu ya maharage na mboga, au wakati wa joto ulilowekwa maji, ukakamuliwa na kuchanganywa na nyanya, kitunguu na siki. Hicho wanakiita panzanella. Hakuna kipande kilichotupwa.

Ule wa kuchomwa una majina mengi. Kipande kikubwa kilichosuguliwa kitunguu saumu, kikamiminiwa mafuta ya zeituni na kunyunyizwa chumvi, Warumi hukiita bruschetta. Kwao Toscana wanasema fettunta, maana yake kipande kilichopakwa mafuta, na utamu wake ni mwezi wa Novemba, zeituni zinapokamuliwa na mafuta mapya yanauma kooni. Vile vidogo, vinavyopakwa kitu juu, ndivyo crostini. Na juu ya crostini, katika sikukuu za nyumbani kwao, yalikaa maini ya kuku.

Hapo nikashtuka. Maini ya kuku? Katika nyumba yetu firigisi ni ya baba, hilo halina mjadala, na maini tuliachiwa watoto tugombane. Sikuwahi kuyawazia kama chakula cha sikukuu.

Jumamosi nikaenda mjini kutafuta mafuta ya zeituni. Nilipata kichupa kidogo, na muuzaji akaniuliza kwa huruma, "Unakwenda kuombea mgonjwa, Frateri?" Nikajibu ndiyo. Mpaka leo sijaona kwamba nilidanganya.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nilinunua mkate wa dukani, ule wa slesi. Una sukari, kwa hiyo juu ya makaa uliungua kabla haujakauka: nje mweusi, ndani laini kama keki. Maini niliyatia chumvi mara mbili kwa kusahau. Babu alitafuna kidogo, akanywa maji, kisha akacheka mpaka akakohoa. Mama mpishi alikuja mbio kutoka jikoni kuona kuna nini.

Ndipo Babu alipotufundisha kwamba mkate wa Toscana hautiwi chumvi kabisa. Unaonekana umepooza ukiula peke yake, lakini ndiyo sababu vitu vya kuupaka huwa vikali na vya chumvi. Akamtaja Dante, ambaye alihukumiwa kutoka Florence mwaka 1302 na hakurudi tena: katika Paradiso, miongoni mwa machungu ya uhamisho, anataja chumvi ya mkate wa ugenini. Mimi Dante nimemsikia darasani kama mwanafunzi wa fikra za Mtakatifu Thoma. Hakuna aliyeniambia kwamba alisumbuliwa na mkate.

"Mkate bila chumvi?" Mama mpishi aliuliza. "Nani ataula huo, Babu?" Lakini Jumatatu aliuoka: unga wa ngano, maji, hamira kidogo, kwenye sufuria yenye makaa chini na juu ya mfuniko. Tukauacha siku mbili. Hapo nilijifunza jambo ambalo sikulitegemea. Nilidhani mkate hukakamaa kwa kupoteza maji tu. Kumbe hata ukiufunga vizuri, wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu, na ukipashwa moto hulegea tena kwa muda. Kipande cha jana kikiwa juu ya makaa, katikati kinarudi kuwa laini huku nje kikikauka. Mwalimu wetu wa metafizikia, tukifika kwenye mabadiliko, hutoa mfano wa maji yanayochemka. Namwombea apate nafasi ya kuchoma mkate.

Maini tuliyatoa nyongo kwa uangalifu, maana ikipasuka umepoteza yote. Kitunguu maji kikakatwa kidogo kidogo na kukaangwa polepole kwa mafuta ya zeituni hadi kikalainika, yakaingia maini, ikafuata divai kidogo ya Dodoma. (Ya Misa haikuguswa, Paroko asiwe na wasiwasi.) Kwao huongeza samaki wadogo wa chumvi na tumba za mmea fulani zilizolowekwa kwenye siki. Sisi tulikaanga dagaa wa Nyasa, tukawatwanga, tukakamulia ndimu. Yote yakakatwakatwa pamoja hadi yakawa kama rojo zito. Vipande vya mkate, unene wa kidole, tukavichoma kwenye wavu wa nyama, pande zote mbili, bila kuondoa macho.

Babu alikula vitatu. Cha nne alimpa Mama mpishi, na yeye akala akiwa amesimama, akatingisha kichwa, akasema chumvi ya dagaa ndiyo iliyomwokoa huyu mkate.

Jioni ile alitaka kujua kwetu mkate wa jana tunaufanyaje. Nikamwambia kwetu mkate haukuwahi kufika kesho. Kilichofika kesho ni kiporo cha ugali: bibi alikikata vipande, akakichoma kwenye makaa hadi kikatoa gamba la kahawia, tukala kwa chai. Seminari ndogo niliwahi kuchekwa nilipokisimulia, na tangu hapo sikukitaja tena. "Kesho kichome," alisema Babu. Nikakichoma. Alikipaka yale maini yaliyobaki.

Siwezi kusema alipona. Siku nyingine alirudi kwenye vijiko vyake viwili. Lakini simu yangu ilibaki chumbani wakati wa chakula, na nilipoondoka Septemba nilikuwa najua majina ya ndugu zake wote na nani kati yao alikuwa mwizi wa mkate.

Oktoba wakubwa wake walimrudisha Italia kwa matibabu. Mwezi uliopita alimtumia Mama mpishi ujumbe wa sauti, naye akanirushia. Anasema nyumba ni nzuri, masista wanamtunza, na crostini zipo kila Jumapili. Ila mkate hauna chumvi kabisa, hauendi. Anaomba kama kuna padre anayesafiri kwenda Roma, ambebee dagaa wa Nyasa robo kilo.

Mama ameshawafunga. Tunatafuta msafiri.