Gerezani: Twende Tukachague Spana ya Filta

Ukiufuata Mtaa wa Msimbazi kutoka Fire, utapita katikati ya Kariakoo, kitongoji kilichopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Endelea mbele, ukiacha nyuma yako vitenge, vyombo vya plastiki na kelele za wapiga debe, hata ufike Gerezani. Tangu mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yana kituo chao hapo. Shuka. Hewa imekwisha badilika: harufu ya viungo vya sokoni imepisha harufu ya oili, mpira na chuma kilichochomelewa.

Huku ndiko wenye magari wa jiji hili wanakojia spea. Ndani ya maduka membamba filta zimepangwa hadi darini, na nje mikanda ya injini imening'inia kama nyoka waliokaushwa. Chini, juu ya turubai, pametandazwa spana za kila umri, mpya na zilizotumika, na mara nyingi ni vigumu kwa macho ya mgeni kuzitenganisha. Leo nakuomba tusimame mbele ya turubai hilo kwa ajili ya chombo kimoja kidogo, ambacho wengi hukikumbuka pale tu kinapohitajika: spana ya kufungulia filta ya oili.

Pengine utauliza, je, jambo hili ni la kuandikiwa makala? Naam. Katika mitaa yetu gari dogo aghalabu si la anasa. Ni teksi iliyonunuliwa kwa mkopo, au gari la kupelekea mzigo wa duka, na karo za watoto hutoka humo. Injini ya gari hilo huishi kwa oili safi, na kazi ya filta ni kuzuia uchafu na chembe za chuma zisirudi kuzunguka. Filta ya aina hiyo ilianza kupata umaarufu baada ya Mmarekani Ernest Sweetland kubuni yake mwaka 1923. Karne imepita, na bado fundi huhangaika na jambo lile lile: filta imegoma kufunguka.

Hugoma kwa sababu mbili kubwa. Kwanza, mpira wake wa kuzuia oili hushikana na injini kwa joto la miezi mingi. Pili, na hii ndiyo ya mara kwa mara, aliyeifunga zamu iliyopita aliikaza kwa spana, kwa nguvu zake zote, akidhani anamfanyia mwenye gari hisani.

Basi, tuchague. Kabla ya kugusa spana yoyote, lijue gari lako. Magari mengi madogo tuliyonayo, mathalani Toyota IST na Vitz zenye injini ya 1NZ, yana filta ya kopo zima: unalifungua na kulitupa lote. Injini nyingine za miaka ya karibuni zina kifuniko cha plastiki au alumini, na ndani yake kichujio cha karatasi. Kifuniko hakitupwi, kwa hiyo hakistahili kubanwa kwa cheni wala kutobolewa.

Spana ya kwanza ni ya kikombe. Huvikwa kichwani mwa filta kama kofia, na ndani yake mna pembe zinazolingana na za filta yenyewe, kisha huzungushwa kwa mpini wa soketi. Ikilingana barabara, hakuna inayoishinda kwa usafi wa kazi, na kwa kile kifuniko cha plastiki ndiyo inayofaa. Kikombe cha milimita 65 chenye pembe 14 huingia kwenye filta ndogo nyingi za Toyota. Lakini jihadhari: kikombe kinapaswa kulingana na filta iliyoko kwenye gari, si ile mpya iliyomo ndani ya boksi. Viwanda hutofautiana. Chungulia chini ya gari kwanza, usome maandishi ya kopo, upime upana wake, uhesabu pembe zake, ndipo upande basi la Gerezani.

Ya pili ni ya makucha matatu. Kadiri unavyoizungusha, ndivyo makucha yanavyozidi kulibana kopo. Moja huweza kuhudumia filta za ukubwa mbalimbali, na kwa hiyo humfaa fundi anayepokea magari ya kila namna. Ya tatu ni ya mkanda, wa chuma au wa kitambaa kigumu. Hushika ubavuni, hivyo inahitaji nafasi ya kuuzungusha mpini, na mkanda wenye oili huteleza. Pangusa kopo kwanza. Ya nne ni ya cheni, yenye nguvu kuliko zote na isiyo na huruma. Itumie kwa kopo linalokwenda kutupwa tu.

Na bisibisi je? Utamwona kijana akiligongomea ubavuni mwa kopo ili alizungushe kama usukani. Mara nyingine hufaulu. Mara nyingine bati huchanika, oili ya moto humwagikia mkononi, na kwenye injini hubaki kitako kisicho na pa kukishika. Hapo kazi ya dakika chache huwa ya siku nzima, gari halilali nyumbani, na mapato ya siku hiyo yamepotea. Kijana huyo hana ukorofi. Aghalabu analipwa kwa kila gari, na hakuna aliyempa spana.

Ukishalifungua, kwa kuzungusha kinyume cha mwendo wa saa na injini ikiwa vuguvugu, si ya moto, geuza kopo ulitazame. Mpira wake umetoka nao? Ukibaki kwenye injini, na filta mpya ikafungwa juu yake, mipira miwili haitakaa sawa. Oili itasukumwa nje kwa kasi, na injini inaweza kufa kabla dereva hajafika Tazara. Pangusa mahali pake, paka oili safi kwenye mpira mpya, kisha funga kwa mkono. Mpira ukishagusa, ongeza kiasi cha robo tatu ya mzunguko, au kama boksi lisemavyo. Washa injini, chungulia chini, halafu izime na upime oili. Spana za kopo hazina kazi tena hapa. Atakayefungua safari ijayo, huenda ni wewe mwenyewe, atashukuru.

Kabla hatujaondoka Gerezani, tazama mifereji ya jiji. Si mbali kutoka hapa unapita Mto Msimbazi, utokao upande wa Pugu na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Salenda. Oili chafu ikimwagwa mtaroni, safari yake ni hiyo hiyo. Itie ndani ya galoni, uifunge, umkabidhi fundi mwenye pipa la kukusanyia.

Kama una gari moja tu, nunua kikombe kimoja kinacholifaa, ukiweke chini ya kiti. Kama una kijana anayejifunza ufundi, mnunulie ile ya makucha. Mikono yake ndiyo mtaji wake, na itamsaidia kuitunza.