Golf Clash si bahati, ni hesabu. Na hesabu haiuzwi

Kila nikiposti klipu ya Golf Clash, lazima msee mmoja aje na ile laini: "Hiyo ni bahati tu." Mpira umetua, ukadunda mara mbili, ukaingia shimoni, na upepo ulikuwa wa 7.5 kutoka ubavuni. Bahati? Mazee, tuongee.

Kwa wale hawaijui, Golf Clash ni gemu ya gofu ya simu iliyotoka 2017. Mnacheza wawili wawili, kila mtu akiweka sarafu za gemu mezani, na mshindi anazibeba. Unachagua fimbo, unaburuta shabaha hadi pale unataka mpira utue, unavuta mpira nyuma, kisha unaachilia wakati sindano iko katikati. Huku juu ya skrini kuna mshale na namba. Huo ndio upepo. Wengi huuangalia hivi hivi, wanasogeza shabaha "kidogo", halafu wanalia mpira ukiishia kwa mchanga.

Hiyo "kidogo" ndiyo shida. Kidogo ni ngapi?

Jibu liko palepale kwa shabaha. Ukiitazama vizuri utaona imezungukwa na pete za rangi, moja ndani ya nyingine. Wengi hudhani ni mapambo. Wachezaji wazoefu wanazitumia kama rula. Kila pete inabeba kiasi fulani cha upepo, na kiasi hicho kinategemea usahihi wa fimbo yako, ile namba iko kwa kadi yake.

Kanuni ambayo wengi tunatumia ni rahisi. Chukua 100, toa usahihi wa fimbo, zidisha kwa 0.02, ongeza 1. Fimbo yenye usahihi wa 50 inakupa 2, yaani pete moja inabeba upepo wa 2. Fimbo ya 75 inakupa 1.5. Sasa gawanya upepo kwa hiyo namba. Upepo wa 7.5 ukigawanywa kwa 1.5 ni pete tano. Unavuta shabaha kwenye mstari uleule wa mshale, kuelekea kule upepo unatoka, hadi pete ya tano iguse pale ulitaka mpira utue. Imeisha. Hakuna sine, hakuna cosine.

Halafu kuna marekebisho. Hiyo namba ni ya kupiga umbali wote wa fimbo. Ukipiga umbali mfupi, mpira unakaa hewani muda mfupi, kwa hivyo pete moja inabeba upepo zaidi na unasogeza pete chache. Kama unapiga kuteremka, ni kinyume: mpira unachelewa kutua na upepo unapata nafasi ya kuusukuma zaidi, so unaongeza. Kuna pia mipira maalum inayopunguza nguvu ya upepo. Hizo zote unazijua kwa kucheza na kuandika. Mimi nina daftari la kawaida la kurasa 96. Kila fimbo ina ukurasa wake.

Sasa twende kwa kile kilinifanya niandike hii posti.

Hii gemu inapendelea wenye doo, tusidanganyane. Fimbo zinaboreshwa kwa kadi, kadi zinatoka kwa masanduku, na masanduku unaweza kuyanunua kwa pesa halisi. Mwaka 2021 Electronic Arts iliinunua Playdemic, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza hii gemu, kwa dola bilioni 1.4. Hiyo pesa haikutokana na watu kuangalia nyasi za kijani. Kwa hivyo ukikutana na mtu ambaye fimbo zake zote ni za juu, na wewe uko na zile ulipata kwa kungoja masanduku ya bure yafunguke, ameanza mbele yako.

Lakini upepo hauulizi umelipa ngapi. Unavuma namba ileile kwa wote wawili. Nimeona watu wenye fimbo kali wakipeleka mpira majini kwa sababu hawajui kugawanya. Hesabu ndiyo fimbo pekee kwa hii gemu ambayo haina bei.

Ndiyo maana ninakasirika nikiona mtu anaigeuza biashara. Kuna jamaa kwa grupu moja ya WhatsApp alikuwa anauzia vijana chati ya upepo kwa mia tano. Mia tano! Bundles za wiki nzima na chai juu. Chati yenyewe ilikuwa ile kanuni ya juu, imepikwa kwa jedwali na kupakwa rangi. Kuna wengine wanauza programu unaiambia fimbo na upepo, inakupa pete. Unalipa kila mwezi ili simu ikugawie 7.5 kwa 1.5.

Mtu ataniambia, "Si ni teknolojia tu, shida iko wapi?" Angalia gofu yenyewe, ile ya uwanjani. Sheria za gofu zinamruhusu mchezaji kurusha nyasi hewani aone zinapeperukia wapi. Lakini akitoa kifaa cha kupima kasi ya upepo uwanjani, au hata utepe wa kuonyesha unakoelekea, amevunja sheria. Kusoma upepo kumehesabiwa kuwa sehemu ya ujuzi. Ukipewa jibu na mashine, umeruka sehemu ya mchezo.

Na hiyo gofu ya uwanjani wengi wetu tunaionea kwa ua. Kenya Open imekuwepo tangu 1967, na imechezwa Muthaiga na Karen, hapa hapa Nairobi. Lakini ni wangapi kati yenu mmewahi kushika fimbo halisi? Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unaenda mbali kuliko ukiupiga Mombasa. Wachezaji wa kulipwa wanaokuja hapa lazima wabadilishe hesabu zao. Ni kazi ileile unayofanya ukiwa kwa kiti cha nyuma cha matatu, umekwama Thika Road.

Binamu yangu yuko Form Three. Ukimuuliza kuhusu hesabu anakwambia hiyo si yake, mwalimu alishamaliza kumwambia hivyo. Mpe simu. Anaangalia upepo, anaangalia fimbo, anagawanya desimali kwa desimali, anaongeza asilimia kidogo kwa sababu shimo liko bondeni, na anaachilia mpira kabla saa ya gemu haijaisha. Hakuna karatasi. Siku nilimwambia kwamba hiyo ndiyo hesabu anayosema hawezi, alinicheka. Kisha akanyamaza.

Hapo ndipo ninaona hasara ya zile chati. Mia tano inaweza kurudi. Lakini kijana aliyeambiwa hawezi hesabu akinunua jibu, ameuziwa tena ile stori kwamba hawezi. Yule anayekaa na daftari wiki mbili, akikosea pete na kurekebisha, anatoka na kitu ambacho hakuna sasisho la gemu litamnyang'anya.

So kanuni ndiyo hiyo hapo juu, bure. Screenshot, tumia marafiki, anza na fimbo moja tu hadi uijue. Na kama kuna mtu anakuuzia chati, mtumie hii posti.

Niambieni kwa comments: fimbo gani inawasumbua zaidi upepo ukipita 10?