Fidla ya Kifusi

Kwetu Songwa ukisema unakwenda kusoma, watu wanakuuliza: ualimu au uuguzi? Mimi nilisema nakwenda Unguja kusoma fidla, wakaniuliza tena, polepole, kana kwamba mimi ndiye sikusikia swali. Mayu alidhani ni jina la ugonjwa. Nikamweleza kuwa ni kama zeze la guku, ila lina nyuzi nne na linabanwa chini ya kidevu. Akanyamaza, akapepeta mchele kidogo, ndipo akasema: "Guku wako alikuwa na uzi mmoja na ng'ombe hakuwa nao. Wewe wa nyuzi nne itakuwaje?"

Sikuwa na jibu. Wiki hii namaliza masomo, na jibu bado sina.

Msomaji ambaye hujafika kwetu, Songwa iko jirani na Mwadui. Huko ndiko Mkanada John Williamson alikogundua almasi mwaka 1940, na mwaka 1947 ikatoka ile ya rangi ya waridi, karati 54.5, aliyopewa Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi kabla hajawa malkia. Kila mtoto wa kwetu anaijua hadithi hiyo. Ndiyo maana ukikua unaamini riziki ya mtu iko chini ya ardhi, na asiyeipata Mwadui anakwenda kuitafuta Geita kwenye dhahabu. Kaka yangu alikwenda Nyarugusu akiwa na miaka kumi na tisa. Mimi zamu yangu ilikuwa inakuja.

Kilichoniharibu ni guku. Baada ya kuvuna pamba, jioni, alikuwa akitoa zeze lake: kibuyu, fimbo, uzi mmoja, na upinde aliokuwa anaupaka utomvu mpaka unanata. Hakumruhusu mtu aliguse. Nilikaa mbali naye nikisikiliza jinsi uzi mmoja tu unavyoweza kulalamika, kucheka na kumsengenya jirani. Alipofariki zeze likabaki limetundikwa, panya wakala uzi.

Basi, fidla. Kaka alipata mgao wake wa viroba vya kifusi, akasaga, akauza, na badala ya kununua pikipiki kama wenzake akanitumia hela. Hakuuliza sana. Alisema tu: "Nenda kabla hujaja huku."

Chuo chenyewe ni Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002. Mwaka wa kwanza sitaueleza sana, unaniaibisha. Mama mwenye nyumba niliyopanga Ng'ambo alikuwa anafunga dirisha nikianza mazoezi, tena kwa adabu, anaanza kwanza kusema kuna vumbi. Na kweli, sauti niliyokuwa naitoa ni ya paka aliyebanwa mlangoni. Fidla haina alama kwenye shingo, hakuna mahali palipoandikwa "weka kidole hapa". Ukikosea kwa upana wa punje ya mtama, kila mtu anajua.

Palikuwa na mwalimu mmoja mgeni, mtu mwema, ambaye muhula mzima alikuwa anasahihisha kidole changu cha kwanza kwenye uzi wa re. Nikikiweka, anakisogeza juu. Nikikiweka tena, kimerudi chini. Nikajiona mimi si wa kazi hii, bora Nyarugusu. Halafu ukafika muhula wa taarabu. Maalim akanisikiliza macho kayafumba, akauliza:

"Wee kijana wa bara, nani kakwambia ukiweke hapo?"

"Hakuna, maalim. Nakosea."

"Hukosei. Hapo ndipo penye Rasti. Kiache."

Kumbe bwana! Kwenye piano, kati ya mi na mi bemoli hakuna kitu, ni ufa tu. Kwenye maqamu ya Rasti, ule ufa ndio nyumba, na watu wameishi humo miaka na miaka. Sisemi kwamba ni zeze la guku lililonifundisha. Nikisema hivyo nitakuwa najipamba, maana vidole vingine vitatu vilikosea sawasawa, na Rasti haikuviokoa. Lakini siku ile nililala usingizi.

Kuanzia hapo nikaanza kujua nimeingia nyumba ya nani. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanza mwaka 1905. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Na mtaani, kwenye harusi, kidumbaki: fidla moja, sanduku, vidumbaki viwili, mkwasa, cherewa, na kina mama ambao hawataki kusikia habari za nota. Ukipiga vizuri wanacheza, ukipiga vibaya wanakutazama. Sijawahi kufanya mtihani mgumu kuliko macho yale.

Mwaka wa pili duara liliporomoka Nyarugusu. Nilipata habari usiku kwa simu ya jirani. Kaka alitolewa hai, mguu umevunjika mara mbili. Asubuhi nilikuwa nimeshafunga begi, nimeshatafuta hata mnunuzi wa fidla. Nikampigia kumwambia nakuja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Hiyo fidla ni kifusi changu. Umeshaona mtu anarudisha kifusi shimoni?"

Nikakaa kitandani na begi langu. Mchana nikaenda darasani.

Sasa nina cheti kinachokuja, na hoteli moja ya pwani imeniahidi kazi ya kuwapigia watalii wakati wa chakula, siku nne kwa wiki. Hela si mbaya. Upande wa pili kuna nyumba ya guku, kibuyu chenye vumbi, na watoto wa kaka ambao nao zamu yao ya Geita inakuja. Washikaji wananiambia niende hotelini, nisijifanye mtume. Labda wana haki. Mimi nimeomba wiki mbili nifike kwanza Songwa.

Jana baada ya mazoezi ya mwisho nilimpigia kaka. Hashuki tena shimoni, analinda karasha. Nikaweka simu kwenye kiti, nikapiga bashrafu nitakayoifanyia mtihani, yote, mpaka mwisho. Nilipoichukua simu, upande wa pili kimya.

"Kaka, upo?"

"Nipo. Rudia, karasha lilikuwa linapiga kelele."