Mume Wangu, Unakimbia Nini?

Asubuhi ya Septemba 15, 2025, ofisini kwetu Nachingwea kazi ilichelewa kuanza. Kila simu ilikuwa na video ya Alphonce Simbu akimpita Mjerumani Amanal Petros mwishoni kabisa mwa marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03! Kufumba na kufumbua, Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano hayo. Wenzangu wakanigeukia: "Mkimbiaji wetu, na wewe lini?"

Nikacheka tu. Sikuwaambia kwamba mbio zangu ndefu kuliko zote ziliishia chini ya mkorosho. Wewe, mpenzi msomaji, nitakusimulia.

Mke wangu ni mwalimu Ruangwa. Mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika Nachingwea. Katikati yetu kuna zaidi ya kilomita 40, na ndoa yetu ilikuwa ya Ijumaa jioni mpaka Jumapili, kama zilivyo ndoa nyingi za watumishi. Tulishazoea. Mwaka 2024 akapata ujauzito. Muuza maandazi wa jirani akaanza kumwita Mama Kijacho, na mimi nikaanza kuulizia kwa fundi bei ya kitanda cha mtoto. Mwezi wa tano, mimba ikaharibika.

Wiki hiyo hiyo nikanunua raba.

Nilikuwa naamka saa 11 alfajiri nakimbia. Kilomita 5, baadaye 10, baadaye 20. Kanisani watu walinisifu kwa ujasiri, nami nikajiambia kwamba mwanamume mwenye imani halii. Si Waebrania sura ya 12 inatuhimiza kupiga mbio kwa saburi? Hata wikiendi nikiwa Ruangwa nilitoka alfajiri, nikarudi jua limepanda, nikaoga, nikalala. Mke wangu akabaki na ukimya wa nyumba, pamoja na vifulana alivyokwisha kuvinunua.

Jumapili moja, nikiwa nafunga kamba za viatu, akaniuliza taratibu: "Mume wangu, unakimbia nini?"

Nikamjibu kwamba nakimbia kwa ajili ya afya. Hakusema kitu.

Kasi ya kuongea

Wakimbiaji wa masafa marefu wana kanuni moja. Mazoezi ya mbio ndefu yanafanywa polepole, kwa kasi inayokuruhusu kuongea na mwenzako. Ukiona huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha. Sababu yake ni kwamba mwili una akiba ndogo tu ya wanga, kwenye misuli na kwenye ini. Ukianza kwa fujo unaimaliza mapema, na ndiyo maana kwenye marathoni wengi huishiwa nguvu ghafla wakishapita kilomita ya 30.

Sisi wa Nachingwea tulipaswa kulijua hilo kuliko wengine. Waingereza walianza mradi wa karanga hapa kwa kishindo miaka ya 1940, wakajenga mpaka reli ya kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ulishaachwa, na baadaye hata reli ikang'olewa.

Kanuni hiyo niliisoma, nikaipuuza. Niliipuuza barabarani na nyumbani pia. Miezi ilipita sijaongea na mke wangu hata sentensi moja kuhusu mtoto wetu.

Chini ya mkorosho

Julai 2025 nikaamua kukimbia kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa. Sitakudanganya, nilitaka kila mtu aone, na Mungu mwenyewe aone, kwamba sijavunjika. Nikaanza safari saa 10 alfajiri, tochi kichwani. Kilomita 15 za kwanza nilikuwa kama mshale. Nilipofika thelathini na kitu, maji yalishaisha na miguu ikagoma kabisa. Nikakaa chini ya mkorosho kando ya barabara.

Hapo ndipo nilipolia, basi bwana, mtu mzima, kwa sauti. Nikamuuliza Mungu swali nililokuwa nalikwepa muda wote: kwa nini mtoto wetu? Halafu nikampigia mke wangu simu, nikamwambia neno ambalo sikuwahi kumwambia: "Nimeshindwa."

Alikuja na bodaboda, amebeba chupa ya uji wa ulezi na mihogo ya kuchemsha. Hakuniambia "si nilikwambia?" Alisema tu, "Kunywa kwanza."

Nikiwa nakunywa nikamkumbuka Eliya. Katika 1 Wafalme 18, yule nabii alikimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Sura inayofuata yuko chini ya mti, anaomba afe. Mungu hakumkemea wala hakumhubiria. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena, maana safari iliyobaki ilikuwa nzito mno kwake. Miezi yote ile nilikuwa namwomba Mungu anipe nguvu nisihitaji mtu. Kumbe majibu yake yalikuwa kwenye chupa ya uji, mikononi mwa mtu niliyekuwa namkimbia.

Bodaboda tukamruhusu aende. Tukatembea zilizobaki, kwa kasi ya kuongea. Mke wangu akaniambia jina alilokuwa amemchagulia mtoto. Nikamwambia kwamba nina hasira na Mungu. Akasema, "Hata mimi. Nilidhani niko peke yangu."

Watanzania tunampenda John Stephen Akhwari kwa sababu hakukata tamaa. Marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, 1968, alianguka akaumia goti na bega, lakini akamaliza, wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Siku hizi nikiitazama picha yake naona zaidi ile bandeji mguuni. Kabla ya kuendelea, alikubali kufungwa jeraha.

Nilidhani kumweka Mungu katikati ni kukaza meno huku nikitaja jina lake. Sasa naona ni uchaguzi wa kila asubuhi. Kabla sijafunga kamba namwambia Mungu kinachoniuma siku hiyo, bila kukipamba. Halafu nampigia mke wangu simu, namwambia na yeye. Kuna siku sijisikii kabisa kufanya hivyo, na siku hizo ndizo nahitaji zaidi. Kama ndoa yenu imepitia msiba na mmoja wenu amekuwa bize ghafla, iwe ni kazi, mazoezi au hata huduma kanisani, muulize kwa upole anakimbia nini. Na ukiulizwa wewe, usijibu haraka kama mimi.

Mtoto bado hatujapata. Vile vifulana viko kabatini, na siku hizi tunaweza kuvitaja. Mwezi uliopita mke wangu naye alinunua raba. Jumamosi tunatoka pamoja, yeye akichoka tunatembea, mimi nikichoka tunatembea. Hatufiki mbali sana.