Kibandiko cha Kijapani na Vumbi la Meatu

Barua ilitoka Bariadi alfajiri na kufika Lamadi kabla ya saa nne, imekunjwa mara nne, mkononi mwa kondakta wa basi. Aliyeiandika ana simu, tena ya kupangusa, ila anashikilia kwamba mambo ya injini hayafai kusemwa kwa simu: mtu huitikia "sawa, sawa", akishakata amesahau yote. Ni mzee aliyeendesha malori ya pamba enzi Bariadi ikiwa wilaya ya Shinyanga, kabla Mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012. Aliyeandikiwa ni mtoto wa dada yake, kijana aliyenunua Toyota Probox iliyotumika na kuitia barabarani kama mchomoko, gari dogo la abiria, kati ya Bariadi na Lamadi.

Swali la kijana lilikuwa fupi. Shikamoo mjomba, oili nimwage baada ya kilomita ngapi? Fundi wa kwanza alimwambia 3,000. Wa pili, 5,000. Muuza vipuri alimwambia 10,000, ilimradi anunue dumu alilokuwa amelishika yeye.

Mzee hakuanza na tarakimu. Alianza na mlango. "Mpwa wangu, fungua mlango wa dereva uangalie ubavuni mwa fremu. Kama wauzaji hawajakibandua, utakuta kibandiko chenye maandishi ya Kijapani." Kibandiko hicho magari mengi ya Japani huja nacho: kinaonyesha siku oili ilipobadilishwa na kilomita zilizokuwa zimesomeka. Mwaka wakati mwingine huandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme, kwa hiyo H28 ni mwaka wa 28 wa Heisei, yaani 2016. Mzee alifundishwa kuusoma na wakala wa magari, na tangu hapo hapiti karibu na gari la mtu bila kuchungulia mlangoni.

Hoja yake ni kwamba hata Wajapani wenyewe hawana jibu moja. Huko kwao, Toyota hushauri magari ya petroli yasiyo na tabo yabadilishiwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Lakini kwa gari lenye kazi ngumu, hesabu hiyo inakatwa katikati: kilomita 7,500 au miezi sita, lolote litakalotangulia. Na kazi ngumu imeelezwa: barabara mbovu, vumbi, milima, safari fupi fupi za kila siku, mwendo mrefu kuliko kawaida kwa mwaka. "Ukiisoma hiyo orodha," anaandika, "utadhani aliyeiandika aliwahi kulala Mwanhuzi, kule Meatu, mwezi wa nane."

Hapo ndipo barua inapokolea. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni takriban kilomita 72, lami tupu. Kijana akienda na kurudi mara mbili kwa siku anakula kilomita 288, na kilomita 5,000 zinatimia baada ya siku 17 au 18. Kwa hiyo yeyote atakayemwambia amwage oili kila baada ya miezi mitatu hajafikiria mchomoko. Kufikia hapo kijana angekuwa ameshapita kilomita 25,000. Ila mzee hataki kijana aogope. Kilomita za lami, injini ikiwa imepata moto wake na kwenda mwendo mmoja, ni kilomita laini. Yenye taabu ni Vitz ya dada wa kijana, mwalimu, inayotoka nyumbani hadi shuleni, kilomita mbili, inazimwa, jioni inarudi. Injini ile haipati joto la kutosha kukausha unyevu na petroli inayovujia kwenye oili. Kilomita zake ni chache, oili yake imechoka. Huyo asisubiri 5,000. Amwage kila baada ya miezi sita.

Kwa Probox ya mpwa wake, mzee anakubali 5,000 kwa oili ya kawaida. Kama ni sintetiki halisi na gari linabaki kwenye lami, 7,500 anaiona ni sawa. Msimu wa pamba, kijana akishawishika kuingia barabara za vumbi za Meatu na Itilima huku amejaza kupita kiasi (na mzee anajua atashawishika), arudi kwenye 3,000 au 4,000.

Kuhusu vumbi anaandika kama mtu mwenye kisasi nalo. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko vyuma vingi vya injini. Zikipenya zinakuwa msasa kati ya ringi na silinda, na hakuna oili ya bei yoyote itakayorudisha chuma kilichokwisha kulika. Mlango wa vumbi hilo ni filta ya hewa. Vijana wa gereji hupenda kuipuliza kwa kompresa kila wiki, upepo mkali unachana karatasi, filta inang'aa huku ikipitisha vumbi. Kuliko kuipuliza hivyo, inunuliwe nyingine.

Kisa chake mwenyewe anakipa mistari minne tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini, lori alilopewa lilikaa na oili ileile msimu mzima wa pamba. Waliimwaga, wakaichuja kwa kitambaa, wakairudisha. Kitambaa kilizuia taka za kuonekana kwa macho, lakini dawa zilizomo ndani ya oili, zile zinazookota masizi na kuzuia vyuma visisagane, zilikuwa zimekwisha. Injini ikanoki katikati ya mbuga, wakalala na marobota siku mbili. Ndiyo maana anamwambia kijana asihukumu oili kwa rangi. Kuwa nyeusi peke yake si ugonjwa. Ni masizi iliyoyabeba.

Anawatetea pia mafundi wa 3,000. Walijifunza kazi kwenye injini za kabureta zilizotumia oili nzito namba 40, na kwa magari yale walikuwa sahihi. Injini ya lita 1.5 iliyomo kwenye Probox ni mtu mwingine. Mfumo wake wa VVT-i unaendeshwa na msukumo wa oili kupitia vijia vyembamba na kichujio kidogo; tope la oili iliyozeeka likiziba hapo, gari linakosa nguvu na kijana ataambiwa anunue plagi. Aweke 5W-30, takriban lita 3.7 pamoja na filta mpya, na asikubali kuwekewa oili mpya kwenye filta ya zamani. Kila asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini haijawashwa, achomoe kijiti cha kupimia. Probox iliyozeeka huweza kunywa oili kimyakimya, na injini nyingi za michomoko hufa kwa kukaukiwa kabla hata ya tarehe ya kumwaga.

Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu ya rangi nyingine, ameongeza jambo. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mvua za Novemba zitaisomba hadi mto Simiyu, na mto Simiyu unaingia ziwani. Kijana aikinge kwenye dumu, anawe mikono kwa sabuni, amtumie mjomba wake kwa basi lilelile. Kuna miguu ya ghala inayoliwa na mchwa, anataka kuipaka. Nguzo za zizi hatazipaka, kwa sababu ng'ombe hulamba, na oili iliyotumika huwa na sumu. Ameandika pia idadi ya nguzo za ghala, kumi na mbili, na chini yake: "Madumu mawili yatatosha. Usisahau vifuniko."