Kabla ya kushuka majini, andika jina

LUBUMBASHI. Kwa miezi mingi majirani wa ploti moja katika komini ya Katuba walifikiri kwamba mtoto wa mama mmoja mhamaji wa vita anakaa karibu. Kila mara aliposema "mutoto iko Kenya", walielewa Kenya ya hapa hapa, komini yenye soko, ambako mtu anaenda kwa miguu na kurudi kabla bukari haijapoa. Siku moja ujumbe wa sauti ukafunguliwa mbele ya watu wote, na nyuma ya sauti ya kijana yakasikika mawimbi na mlio wa injini. Kijana yuko Mombasa, kando ya bahari ya Hindi. Anafanya kazi kwenye boti inayopeleka wazamiaji: anafunga kamba, anabeba mitungi ya hewa, jioni anaosha boti.

Mama huyo ni wa Minova, Kivu ya Kusini. Kijana siye aliyemzaa. Ni mtoto wa mdogo wake, na mdogo wake alikuwa ndani ya boti iliyozama asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2024 karibu na bandari ya Kituku, Goma. Barabara ya kutoka Minova kwenda Goma ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo watu na mizigo yote ilipita ziwani. Boti ilijaa kupita uwezo wake. Maiti ya mdogo wake haikuonekana. Mwezi wa Januari 2025 vita vikafika Minova yenyewe, mama akakimbia: Bukavu, Uvira, boti mpaka Kalemie, kisha gari la moshi. Leo anauza samaki wadogo wakavu ambao Lubumbashi inawaita ndakala, na yeye bado anawaita sambaza.

Ujumbe uliomtoa machozi ulikuwa mfupi. Kijana alisema, kama mtu anayesimulia kazi ya kawaida, kwamba siku hiyo wamepeleka wageni kuona meli iliyozama.

"Unasema batu banalipa franga juu ya kuingia mu bwato ya kuzama?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama mukubwa. Lakini ile haikuzama na batu. Baliizamisha kwa kupenda."

Kwa mtu wa Minova jibu hilo halieleweki haraka. Nani anazamisha meli kwa kupenda? Kijana alilazimika kutuma ujumbe mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa simu ya mama haina spika nzuri, majirani walikuja kusikiliza karibu. Hivyo ndivyo Katuba ilivyojifunza habari za MV Dania.

Dania ilikuwa meli ya kubeba mifugo. Ilipozeeka, haikukatwa kuwa chuma chakavu. Mwaka 2002 ilizamishwa mbele ya pwani ya kaskazini ya Mombasa ili iwe nyumba ya samaki. Imekaa kwenye mchanga, chini karibu mita 30. Kazi ya namna hiyo inaanza nchi kavu: mafuta yanatolewa yote, nyaya na kamba ambazo zingeweza kumnasa mtu zinaondolewa, na milango ambayo ingejifunga inang'olewa. Matumbawe na viumbe vingine vinajishika kwenye chuma, samaki wadogo wanajificha, wakubwa wanawafuata. Baada ya miaka michache meli inakuwa mwamba.

Halafu zinakuja kanuni, na hapo ndipo mama alipoanza kusikiliza kwa makini. Hakuna anayeshuka kwa sababu tu ana pesa. Kwanza anaonyesha cheti. Katika mafunzo yanayotambuliwa duniani, cheti cha kwanza kinamruhusu mtu kufika mita 18 tu. Kwa mita 30 anahitaji cheti cha pili. Anajaza karatasi ya afya: moyo, mapafu, masikio, dawa anazomeza. Hashuki peke yake, ni wawili wawili, na kiongozi anayeijua meli yuko nao. Kuogelea kando ya meli ni jambo moja, kuingia ndani ni jambo lingine, lenye mafunzo yake: taa, kamba ya kurudia njia, na hewa inayogawanywa mara tatu, theluthi ya kuingia, theluthi ya kutoka, theluthi ya hatari. Hakuna kugusa, hakuna kutoa hata msumari. Na anayeingia kwenye mbuga ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, analipa ada kwa shirika la wanyamapori la Kenya, KWS. Ndani ya mbuga hiyo kuvua ni marufuku.

Kina ndicho kinachodai haya yote. Kwenye mita 30 uzito wa maji na hewa unamkandamiza mtu mara nne kuliko juu, kwa hiyo mtungi unaisha mara nne haraka. Hewa ya kule chini inaweza kumlevya mtu kama pombe, akacheka wakati anapaswa kuogopa. Akipanda mbio, gesi iliyoingia kwenye damu inatoka kama povu la chupa ya soda, na anaweza kupooza au kufa. Ndiyo maana anapanda taratibu, anasimama dakika tatu kwenye mita tano, na hapandi ndege siku hiyo.

Jirani mmoja, fundi wa magari, aliona kwamba ni kanuni nyingi kwa kutazama chuma. Mama hakumjibu. Swali lake lilikuwa jingine: ikiwa kuna watu wanaojua kushuka hivyo, mbona kwao hakuna aliyeshuka?

Jibu la haki lina sehemu mbili. Ziwa Kivu si bahari ya Mombasa. Lipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460, na juu hivyo hesabu za kupanda na kusimama zinabadilika. Mzamiaji anayetumia hesabu za pwani anajiua. Kina cha ziwa kinafika karibu mita 485, na sehemu za chini hazina hewa safi, zina gesi ya metani na gesi ya kaboni. Kwa hiyo si kila mahali mtu anaweza kushuka. Sehemu ya pili haina uhusiano na maumbile. Wazamiaji, mitungi na mashine za kuijaza hewa ni vitu vinavyonunuliwa na kutayarishwa kabla ya ajali. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, Tanzania ililazimika kupokea wazamiaji kutoka Afrika Kusini wasaidie kutoa maiti. Meli hiyo imebaki chini ya ziwa Victoria. Ni kaburi, na hakuna anayeuza tiketi ya kuitazama.

Kuna sheria pia, na inashangaza kidogo. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 juu ya urithi ulio chini ya maji, ambao Kongo imeuridhia, unalinda vitu vilivyokaa majini miaka 100 au zaidi. Unataka viachwe mahali pake kwanza, visiuzwe, mabaki ya watu yaheshimiwe, na wananchi waruhusiwe kutazama bila kuharibu. Ulifikiriwa zaidi kwa bahari, lakini nchi ikipenda inaweza kutangaza kwamba kanuni zake zinafika mpaka maziwa. Kwa umri, meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann inastahili. Ilizamishwa ziwani Tanganyika tarehe 9 Februari 1916 na kikosi cha Waingereza ambacho boti zake, Mimi na Toutou, zilipita hapa Elisabethville juu ya gari la moshi mwaka 1915. Boti ya wauza ndizi na sambaza ya mwaka 2024 haistahili. Itasubiri mpaka mwaka 2124.

Hayo yote, hata hivyo, hayakuwa kiini cha ugomvi wa mama na kijana. Mwenye boti amemwambia kijana kwamba anaweza kujifunza kuzamia, kidogo kidogo, akikatwa kwenye mshahara. Kijana anataka. Alisema bila kuficha kwamba akipata vyeti vyote anataka kurudi Kivu, awe mtu ambaye anaitwa boti ikizama. Mama akakataa siku hiyo hiyo. Ziwa limekula mama yake; yeye hatatoa mtoto wa pili kwa mkono wake. Wiki nzima hawakuongea. Kijana alituma salamu, mama akasikiliza na kunyamaza.

Ilikuwa mjukuu, msichana wa miaka kumi na miwili, aliyeuliza swali ambalo wakubwa hawakuliuliza. Alitaka kujua: wageni wakishuka, wale waliobaki juu wanajuaje kama wote wamerudi?

Kijana akajibu kwamba iko karatasi. Kabla ya boti kuondoka kila jina linaandikwa, saa ya kushuka inaandikwa, saa ya kupanda inaandikwa. Kabla ya kutoa nanga majina yanaitwa moja moja, na kila mtu anaitika mwenyewe, hata kama anaonekana amekaa pale. Mwenzake hawezi kumuitikia. Mmoja asipoitika, boti haiondoki.

Mama aliomba ujumbe huo urudishwe mara mbili. Kule Minova hakuna aliyeandika jina la mdogo wake. Ndiyo maana baada ya ajali hesabu zilipingana: wakubwa wa Kivu ya Kusini walitangaza wafu 78, wale wa Goma wakatoa idadi ndogo zaidi, na familia zilizunguka kutoka hospitali hadi hospitali zikijaribu kuthibitisha kwamba ndugu yao alipanda. Yeye mwenyewe alitumia siku nne kutafuta mtu aliyemwona mdogo wake akikanyaga ubao wa boti. Alimpata muuza mihogo mmoja. Hicho ndicho cheti cha kifo alicho nacho. Na alipopanda boti Uvira na wajukuu watatu, akikimbia, hapo pia walimpokea pesa bila kumuuliza anaitwa nani. Aliandika majina ya watoto kwa kalamu kwenye mikono yao.

Siku ya Jumapili alimpigia kijana. Hakusema amekubali. Alisema atafikiria, lakini kuanzia sasa, kila siku ya kazi, ampigie picha ile karatasi na kuituma.

Kijana amekuwa akituma. Mjukuu anasoma majina kwa sauti, ya Kijerumani na ya Kiingereza yakimshinda, mpaka afike kwenye jina la kaka yake, ambalo huwa chini kabisa pamoja na mabaharia. Kozi bado haijaanza. Mama ameuliza inagharimu kiasi gani kwa franka, na kama kwenye karatasi ya afya wanaandika pia namba ya simu ya nyumbani.